Digidigi na Bima Inayolipa

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika uji na kusengenyana uani kama sisi, palikuwa na Nyati mmoja mwenye pembe kubwa na akili ya kubahatisha. Msicheke mapema, wanangu. Mtamwona wenyewe.

Nyati huyu alikuwa wakala wa bima ya moto katika Bonde la Mikwaju. Kila mavuno ulimpelekea kikapu cha mtama, naye akakufungia utepe mwekundu mlangoni. Ukimuuliza utepe ni wa nini, alivuta pumzi, akatoa sauti nzito kama ya hakimu.

"Hiyo ni ahadi! Nyumba yako ikiungua, mimi nakujengea nyingine. Wewe lala usingizi."

Wanyama wakalala usingizi. Nyati akala mtama.

Miongoni mwa waliolala alikuwamo Digidigi. Mnamjua, yule swala mdogo kuliko wote, miguu kama vijiti vya kuchokonolea meno. Akishtuka tu, zwii! ameshaingia kichakani. Alikuwa na mke mwenye ulimi mkali, mtoto mchanga wa mwezi mmoja, na nyumba ya nyasi iliyoezekwa vizuri mpaka majirani wakaionea wivu. Misimu minne alipeleka kikapu chake bila kukosa.

Kiangazi hicho moto ukatoka porini. Vuu! Nyumba ishirini zikateketea kabla ya adhuhuri, na ya Digidigi ilikuwa ya tatu. Kilichosalia ni chungu kimoja cheusi na ule utepe mwekundu, ambao mkewe aliuchomoa mlangoni huku akikimbia na mtoto.

Digidigi akaushika utepe, akaenda kwa Nyati.

"Hodi, Bwana Nyati!"

"Karibu, karibu! Umeleta kikapu?"

"Nimeleta utepe. Nyumba yangu imeungua."

Nyati akaacha kutafuna. Akamtazama Digidigi kuanzia kwato mpaka masikio, na hapakuwa na mwendo mrefu wa kutazama.

"Pole sana. Nyumba yenyewe ilikuwa ya nini?"

"Ya nyasi, bwana. Si uliiona ulipokuja kuikatia bima?"

"Nyasi! Aaa, ndugu yangu. Nyasi si nyumba. Nyasi ni chakula. Mimi sikatii bima chakula."

"Lakini siku ile ulisimama mlangoni ukasema, 'Nyumba nzuri hii!'"

"Nilikuwa na njaa," akajibu Nyati bila hata kupepesa macho. "Nilisifu chakula."

Mnasikia, wanangu? Mtu mzima, na pembe zake, anasema hivyo mchana kweupe! Na si kwa Digidigi peke yake. Kanga alipokwenda na utepe wake aliambiwa kiota hakina mlango, kwa hiyo si nyumba. Panya Buku aliambiwa moto ulitoka kusini, na bima yake ilikuwa ya moto wa kaskazini. Kobe yeye hakusikilizwa kabisa. Nyati alimgongagonga mgongoni, ko! ko! ko! akasema, "Nyumba yako hii hapa, mbona nzima?" Maskini Kobe alikuwa amejenga ghala.

Basi Digidigi akarudi kwa mkewe. Walikuwa wamejibanza chini ya mgunga, mtoto kafunikwa kwa majani mawili.

"Amesemaje?" akauliza mkewe.

"Amesema tulikuwa tunaishi ndani ya chakula."

Mkewe akafyonya, akanyoosha mdomo kuelekea mashariki. "Yale mawingu unayaona? Masika yanapiga hodi. Mvua ya kwanza ikimkuta mtoto huyu hapa, hatamaliza wiki. Ukienda kumlilia Nyati, atakucheka. Ukienda kupigana naye, atakukanyaga na hatajua kama amekanyaga kitu."

"Sitamlilia, wala sitapigana naye," akasema Digidigi. "Nitamfanyia kazi."

"Kazi! Una homa wewe?"

Masikio ya Digidigi yalikuwa yanacheza, na hiyo ni dalili ya hila.

Sasa hapa niwaeleze kuhusu Bi Mlembe. Mlembe ni kale kandege ka rangi ya vumbi kanakowaongoza warina asali mpaka kwenye mzinga. Zamani hizo hakuongoza kwenye asali tu. Ulisimama njia panda ukamuuliza chochote: "Bi Mlembe, nitafutie mganga wa meno!" "Bi Mlembe, nani anauza kunde mbichi?" Naye akaruka mbele yako, chwii-chwii! nifuate! mpaka kwenye mlango wa mwenyewe.

Lakini Bi Mlembe hakujua nani mzuri na nani mbaya. Atajuaje? Kichwa chake ni kama punje ya hindi. Alitazama mambo mawili tu. La kwanza, maneno yanayosemwa njia panda: ukiuliza kunde, anamtafuta anayesemwa pamoja na kunde. La pili, alipaa juu akaangalia njia: mlango wenye njia nyingi zilizokanyagwa kuuelekea ndio aliokupeleka kwanza. Na alikuwa hahongeki. Kifaru, ambaye naye alikuwa wakala wa bima ng'ambo ya mto, alimpelekea sega zima la asali. Bi Mlembe alilila lote, akashukuru, akaendelea kutazama njia zake.

Ila Kifaru alikuwa na bahati. Nyumba yake ilikuwa kando ya kivuko cha maji, na kila mwenye kiu alipita mlangoni pake, hivyo njia zilikuwa nyingi. Mnyama aliyeuliza bima, chwii-chwii! alipelekwa kwa Kifaru. Na baada ya moto ule, kila aliyebakiwa na nyumba alikuwa anauliza bima. Nyati alikaa kibarazani pake akihesabu nzi.

Hapo ndipo Digidigi alipomkuta.

"Umerudi na utepe wako?" Nyati akanguruma.

"Hapana, bwana, nimeshausahau. Nimekuja kukuonea huruma."

"Kunionea nini?"

"Huruma. Mkubwa kama wewe, pembe kama hizo, halafu wateja wanapelekwa kwa Kifaru mwenye pembe moja na kapembe!"

Hilo likamwingia. Nyati akapiga kwato chini, puu! "Kale kandege kanapendelea!"

"Hakapendelei, bwana. Kanatafuta, na wewe hutafutiki. Mimi siku hizi ni fundi wa kutafutika."

"Ndiyo kazi gani hiyo?"

"Kazi ya kumfanya mkubwa aonekane. Hebu niambie, njia panda wanakusema vipi?"

Nyati akasimama, akakohoa, akasema kwa madaha maneno aliyokuwa ameyatunga mwenyewe: "Nyati Mtukufu, Mdhamini Mkuu wa Makazi na Mali za Viumbe Wote Wastahiki!"

Digidigi akauma ulimi ili asicheke. "Maneno mazuri sana, bwana. Tatizo ni kwamba hakuna mnyama aliyewahi kuuliza hivyo. Mimi nimekaa njia panda siku saba, nimelala kichakani nasikiliza. Unajua wanamuuliza nini Bi Mlembe?"

"Nini?"

"Bima inalipa."

"Bima inalipa?"

"Maneno hayo mawili tu. Asubuhi bima inalipa, jioni bima inalipa."

Tumbo la Nyati likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, hohohoho! "Kweli kabisa! Inalipa! Angalia tumbo hili. Nilipoanza biashara hii mbavu zangu zilikuwa zinahesabika. Sasa nahitaji kuingia mlangoni kinyumenyume! Hakuna biashara inayolipa kama bima!"

"Wewe unajua kuliko mimi, bwana," akasema Digidigi kwa upole.

"Bila shaka wanapenda kwenda kwa aliyefanikiwa. Wanataka kuona mafanikio!"

"Mimi ni mdogo, bwana. Siwezi kubishana na mafanikio."

Mmeona alivyofanya? Hakumdanganya hata neno moja. Aliliacha neno katikati yao, kila mmoja akalichukua kwa upande wake. Mwenye tumbo alisikia faida. Aliyeunguliwa alikuwa anauliza nani atamlipa.

"Sasa unataka nini kwa kazi hiyo?" Nyati akauliza, jicho moja likiwa limefumbwa.

"Sitaki kitu. Wateja wakija, uwapokee mwenyewe mlangoni, useme maneno hayohayo kwa sauti yako. Nisikie kazi yangu imefanikiwa."

"Mjinga huyu," Nyati akajiambia moyoni. Kwa mdomo akasema, "Tuanze!"

Wakaanza, na kuanza maana yake Nyati alianza. Digidigi alijilaza kivulini, akatafuna majani ya mkwaju.

"Njia zote kutoka njia panda zote, bwana, zije mlangoni pako. Zikanyagwe mpaka zing'ae."

Kwata! kwata! kwata! Nyati akatoka njia panda ya mashariki mpaka mlangoni. Kwata! kwata! kwata! Akatoka ya magharibi. Jua likamchoma, ulimi ukamtoka, nzi wakamfuata kama wapambe.

"Hiyo imepinda, bwana," akaita Digidigi. "Rudia."

Nyati akarudia.

"Na kila ukifika njia panda, usisahau maneno."

"Bima ya Nyati inalipaaa!" akanguruma Nyati, mpaka tumbiri wakaanguka mitini. "Inalipa! Inalipa! Inalipaaa!"

Siku ya tatu akapata wazo lake mwenyewe, na wazo la Nyati ni jambo la kuitia watu waje kuona. Akaenda mwenyewe mlangoni pake, akagonga. "Hodi!" akasema kwa sauti nyembamba. Kisha akaingia ndani mbiombio, akajibu kwa sauti yake nene, "Karibu mteja!" Akatoka tena. "Hodi!" Akaingia. "Karibu mteja!" Alifanya hivyo mara hamsini ili Bi Mlembe adhani nyumba imejaa wageni. Digidigi alicheka mpaka akapaliwa na jani.

"Vipi?" Nyati akauliza, jasho likimchuruzika.

"Vizuri mno, bwana. Ongeza kumi."

Siku ya saba Bi Mlembe alipaa juu, akatazama chini. Njia zote za bonde zilikuwa zimeelekea mlango mmoja, pana, ngumu, zinang'aa. Na kila njia panda maneno yalikuwa yaleyale. Hakuwa na shaka tena.

Asubuhi ya siku ya nane, Kanga akasimama njia panda kama kawaida yake, akauliza: "Bi Mlembe, bima ipi inalipa?"

"Chwii-chwii! Nifuate!"

Panya Buku akauliza hivyohivyo. "Chwii-chwii!" Kobe akauliza. Sungura, Kakakuona, nguchiro watano wa ukoo mmoja, wote waliounguliwa wakauliza, na wote wakaoneshwa upande ule mmoja. Hata Nungunungu, ambaye nyumba yake haikuungua, alijitwika kikapu cha mtama mpya akafuata, maana naye alitaka bima ya kweli.

Nyati akaliona vumbi kwa mbali. Moyo ukamruka. "Wateja! Digidigi, wateja! Njoo uone!"

"Naona, bwana," akasema Digidigi. Na kweli aliona, kwa sababu mkewe alikuwa mbele kabisa na mtoto mgongoni.

Nyati akajifuta vumbi, akapandisha kifua, akasimama mlangoni. Akasahau hata kuzitazama sura. Wateja ni wateja.

"Karibuni nyote!" akanguruma. "Mmefika penyewe! Bima ya Nyati inalipa!"

Vigelegele! Kanga wakaruka, nguchiro wakakumbatiana, Kobe akalia machozi. "Inalipa! Amesema inalipa!" Kisha, kabla Nyati hajafumba mdomo, tepe nyekundu zikaanza kutolewa vifuani, kwenye mbawa, chini ya gamba. Kila mmoja na utepe wake.

"Mimi ni kiota, na mayai sita!"

"Mimi ni shimo lenye vyumba vitatu na jiko!"

"Mimi ghala," akasema Kobe. "Ghala, bwana. Si mgongo."

Nyati akarudi nyuma hatua moja. "Ngojeni! Ninyi si wateja wapya?"

"Sisi ni walewale," akasema mke wa Digidigi. "Umetuita kwa siku saba. Sauti imekukauka kwa kutuita. Tumekuja, tulipe."

"Hapana! Hapana, hamkuelewa!" Nyati akaanza kutokwa povu. "Inalipa maana yake ina faida! Inanilipa mimi! Tazameni tumbo hili!"

Hata nzi walisimama.

Nungunungu, kule nyuma, akageuka na kikapu chake cha mtama kichwani, akaanza kuondoka taratibu.

"Wewe! Wewe wa kikapu, rudi!" akalia Nyati.

"Tapeli," akasema Kanga.

Nanyi mnawajua kanga. Akisema mmoja, wamesema wote. "Tapeli! Tapeli-tapeli-tapeli!" Wakatawanyika kwenye njia zile pana zinazong'aa, wakafika kila njia panda, na kila njia panda wakaliacha neno. "Nyati tapeli! Nyati tapeli-tapeli!"

Nyati akajitutumua, akacheka kicheko cha kulazimisha. "Wacha waseme. Maneno hayavunji pembe. Watachoka."

"Watachoka, bwana," akasema Digidigi, akasogea mbele. Aliogopa, sitawaficha, kwa sababu Nyati alikuwa amekasirika na angeweza kumsaga kwa kwato moja. Lakini alimtazama mtoto wake mgongoni kwa mama, akasema kwa sauti ya kusikika: "Bi Mlembe! Nitafutie tapeli mkubwa kuliko wote katika bonde hili."

Bi Mlembe akapaa. Akasikiliza njia panda, akatazama njia. Hakuhitaji muda mrefu, maana hakuna mlango uliokuwa na njia nyingi kama ule.

"Chwii-chwii! Nifuate!"

Akazunguka mara moja hewani, akashuka, tuu! akatua juu ya pembe ya Nyati. "Chwii-chwii! Ni huyu! Ni huyu!"

"Mtoeni!" Nyati akatikisa kichwa. Bi Mlembe akashika vizuri. "Chwii! Ni huyu!" Nyati akakimbia kuzunguka nyumba, akajibamiza kwenye mti, akatumbukiza kichwa matopeni. Alipokitoa, kandege kalikuwa palepale, kanakung'uta mbawa. "Ni huyu!"

"Digidigi! Ndugu yangu! Fundi wangu! Kaambie kaondoke!"

"Hakaambiwi, bwana. Kanafuata maneno na njia. Njia umezikanyaga mwenyewe mpaka zikawa ngumu kama sakafu. Hizo hazifutiki leo wala kesho."

"Nifanyeje sasa?"

"Yabaki maneno. Yabadilike."

"Yabadilikeje?"

Hapo mke wa Digidigi akatandaza utepe wake mwekundu chini, mbele ya kwato za Nyati. "Kila utakayemjengea," akasema, "atakwenda njia panda aseme 'Nyati amelipa.' Utakayemwacha, na yeye ana la kusema."

Nyati akajenga. Lo, wanangu, mngemwona! Mnyama aliyekuwa akiingia mlangoni kinyumenyume akawa anakata miti, anachimba udongo, anabeba nyasi kwa mdomo bila kuthubutu kumeza hata unyasi mmoja, na juu ya pembe yake kandege kanapiga kelele kumtambulisha kwa wapita njia. Kifaru akaja kivukoni kumcheka. Akaona umati mkubwa mlangoni kwa Nyati, na wivu ukamzidi akili, si kwamba kulikuwa na nyingi za kuzidiwa. "Yangu inalipa zaidi!" akapayuka. Jamaa kama kumi, ambao tepe zao zilikuwa za Kifaru, wakageuza shingo kwa pamoja, wakavuka mto. Huko nako ujenzi ukaanza.

Nyumba ya kwanza kukamilika ilikuwa ya Digidigi. Nyati alipomaliza kuezeka, akashuka, amejaa vumbi, amekonda, mbavu zinahesabika kama zamani. Mawingu yalikuwa yameshafunika bonde, na tone la kwanza likadondoka, to! juu ya pua yake.

Mke wa Digidigi akamwingiza mtoto ndani, akamlaza mahali pakavu. Kisha akatoka mlangoni, akachomoa unyasi mmoja wa paa, akausogeza chini ya pua ya Nyati.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Nyati akameza mate. Bi Mlembe, juu ya pembe, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Ni nyumba, mama," akasema Nyati.

"Sema tena, njia panda ni mbali."

"Ni nyumba!"

Mkewe Digidigi akaurudisha unyasi paani, akafunga mlango, na mvua ikaanza kunyesha. Nyati akaondoka kwenda kwa Kobe, maana ghala lilikuwa bado.

Basi wanangu, hadithi yangu imefika nyumbani na paa halivuji, nami nawaachia hili: anayetaka jina lake lijae kila njia panda, kwanza awe tayari kwa wale watakaolifuata mpaka mlangoni pake.